GESI YA MTWARA: KUELIMISHWA SIYO KUULIZWA

Najua nimepotea jamvini wiki mbili nzima. Si mnajua tena, test zimebanana na bumu ndo hilo limeshakata. Leo sileti stori za foleni ya kafeteria. Naleta historia, tena ya hapa hapa nyumbani, maana kuna neno limenikaa kichwani tangu semina ya Alhamisi, na nisipoliandika sitasoma kitu kingine.

Tulikuwa tunajadili vurugu za gesi za Mtwara, zile za mwishoni mwa 2012 na 2013. Jamaa mmoja wa kundi letu akasema kwa kujiamini kabisa: tatizo la wale watu lilikuwa elimu, wangeelimishwa mapema bomba lingepita bila kelele. Karibu darasa zima likamuunga mkono. Sasa mimi nasomea ualimu, Historia na Kiswahili. Hilo neno elimu ndo ugali wangu wa kesho, kwa hiyo likitumika vibaya linaniuma. Nikajiuliza: hivi watu wa Mtwara walikosa elimu, au walikosa kuulizwa? Hayo ni mambo mawili tofauti, na ukiyachanganya huwezi kuielewa historia ya kusini.

Hebu turudi nyuma kidogo, kabla hata ya gesi.

Mwaka 1946 Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili. Ikatuma wataalamu watatu Afrika Mashariki, wakiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa wiki tisa hivi, maeneo mengi wakiyatazama kwa ndege, wakaondoka na mpango wa kulima karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3. Sehemu kubwa ilikuwa Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Wagogo wa Kongwa, ambao babu kwa bibi waliijua mvua ya pale jinsi inavyokuja na jinsi inavyokata, hawakuwa wajumbe wa kitu chochote. Matrekta yakaja, visiki vikang'olewa, ardhi ikakauka ikawa ngumu kama saruji. Januari 1951 serikali ya London ikatangaza kuuacha mradi. Pauni zaidi ya milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Hiyo tumeisoma wote sekondari, na kawaida mwalimu anaishia hapo: wakoloni walishindwa, andikeni notsi. Lakini kule kusini stori haikuishia hapo. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ilijengwa bandari ya kina kirefu Mtwara. Mji wenyewe wa Mtwara ukapimwa na kupangwa upya. Reli ikajengwa kuunganisha pwani na bara. Yaani kwa miaka kadhaa kusini kulikuwa na ajira, na treni, na matumaini. Mradi ukafa, reli ikabaki bila mzigo wa kutosha. Mwaka 1962 ikafungwa, na baadaye vyuma vyake viking'olewa.

Fikiria wewe ni mzee wa Mtwara. Reli ilikuja bila kukuuliza, ikaondoka bila kukuuliza. Watafiti waliokaa na wazee wa mkoa ule miaka ya karibuni wamekuta wengi wakizungumzia maendeleo kama kitu kilichopita, kitu cha zamani walichowahi kukiona kwa macho kisha kikaondoka. Sisi huku tunafundishwa maendeleo ni kitu kinachokuja. Kule yapo kwenye kumbukumbu.

Baada ya uhuru kusini ikawa mpaka wa vita. Msumbiji ilikuwa inapigania uhuru wake kuanzia 1964, Nachingwea kukawa na kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, na watu wa kando ya Ruvuma wakaubeba mzigo wa ukombozi kwa niaba yetu wote. Barabara ya kwenda Dar ndo ile ya hadithi: Mto Rufiji ulivukwa kwa kivuko mpaka 2003, Daraja la Mkapa lilipofunguliwa. Kabla ya hapo masika yakishika, safari ya siku moja ilikuwa inageuka siku kadhaa. Korosho ndo ilikuwa pesa, na bei yake kila mtu anajua inavyopanda na kushuka bila mkulima kuulizwa.

Hiyo ndo ardhi ambayo gesi ilikutwa.

Gesi ya kwanza nchini iligunduliwa Songo Songo, Kilwa, mwaka 1974. Ya pili Mnazi Bay, Mtwara, mwaka 1982. Zote mbili ziligunduliwa na kampuni ya Italia ya AGIP, ambayo ilikuwa inatafuta mafuta. Wakati ule gesi haikuwa na soko, kwa hiyo visima vikafungwa na watu wakaendelea na korosho zao. Songo Songo ikaja kuanza kazi mwaka 2004, ikapelekwa kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 mpaka Ubungo kuzalisha umeme wa Dar. Mnazi Bay, pale Msimbati, ilianza kuzalisha mwishoni mwa 2006, kidogo kidogo, kwa ajili ya umeme wa Mtwara na Lindi.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Kwa mtu wa Mtwara ule mradi mdogo ulikuwa na maana kubwa. Gesi ilitoka kwake ikawasha taa kwake. Aliiona. Wanasiasa nao hawakukaa kimya, wakazungumzia viwanda: saruji, mbolea, ajira kwa vijana. Kuanzia 2010 makampuni yakaanza kugundua gesi nyingi zaidi kwenye bahari ya kina kirefu nje ya pwani ya kusini, na Mtwara ikaanza kufurika wageni. Viwanja vikapanda bei, hoteli zikajengwa. Watu wakasema sasa zamu yetu imefika.

Tuwe waungwana na upande wa serikali pia, maana historia ya upande mmoja ni umbea. Nchi ilikuwa kwenye shida ya umeme. Mwaka 2006 na tena 2011 ukame ulishusha maji kwenye mabwawa, mgao ukawa wa kufa mtu. Waliokuwa na saluni, welding na mashine za kusaga wanakumbuka. Mitambo ya dharura ya mafuta ilikuwa inakula pesa za ajabu. Gesi iko kusini, viwanda na wateja wengi wa umeme wako Dar. Kwa hesabu za kihandisi, bomba lina mantiki. Serikali ikakopa dola bilioni 1.2 kutoka Benki ya Exim ya China, kwa ajili ya bomba la inchi 36 lenye urefu wa zaidi ya kilomita 500 pamoja na mitambo ya kusafisha gesi. Novemba 2012 Rais Kikwete akaweka jiwe la msingi la mradi huo Kinyerezi.

Kinyerezi, wadau. Dar es Salaam. Bomba linaanzia Mtwara, jiwe la msingi likawekwa linakoishia.

Tarehe 27 Desemba 2012 maelfu ya watu wakaandamana Mtwara mjini. Kauli yao ilikuwa fupi: gesi haitoki! Walikuwemo wa vyama tofauti, wakulima, wafanyabiashara, vijana wasio na chama. Siku chache baadaye, kwenye hotuba ya kufunga mwaka, Rais akajibu kwamba rasilimali ni za Watanzania wote, hakuna mkoa wenye hati miliki ya kilichopo chini ya ardhi yake. Mwishoni mwa Januari 2013 vurugu zikazuka Mtwara na Masasi. Majengo na magari yakachomwa, watu wakafa. Waziri Mkuu Pinda akaenda mwenyewe Mtwara, akakaa na viongozi wa dini, wa vyama na makundi mengine, akawasikiliza, akaeleza kwamba gesi itasafishwa huko huko kabla ya kuingia kwenye bomba. Hali ikatulia kwa muda.

Halafu ikaja Mei 22, 2013. Bungeni Dodoma, Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Muhongo, alikuwa anasoma bajeti ya wizara yake, na watu wa Mtwara walikuwa wanaisubiri kuona kama kilio chao kimeingia. Bomba lilikuwa pale pale. Mji ukalipuka tena, jeshi likapelekwa, na tena kuna watu hawakurudi nyumbani. Ujenzi ukaendelea. Oktoba 2015 bomba likazinduliwa.

Sasa turudi kwenye neno letu.

Fuatilia kauli za wakubwa kipindi kile chote, utakuta neno moja linarudi: wananchi wanahitaji elimu juu ya gesi. Wataalamu watakuja kutoa elimu. Hata waliokuwa wanaonea huruma Mtwara walisema hivyo hivyo, kwamba serikali ilichelewa kutoa elimu. Ukilichunguza, neno hilo linafanya kazi ya ajabu. Linachukua swali la nani ameamua na kuligeuza kuwa swali la nani hajaelewa. Ukishasema mtu hajaelewa, huna tena haja ya kujibu hoja yake. Dawa ni kumfundisha mpaka anyamaze.

Lakini zile hoja za Mtwara zilikuwa hazionyeshi ujinga hata kidogo. Waliuliza: kama gesi inaweza kuzalisha umeme, kwa nini mitambo isijengwe huku, umeme ndo usafirishwe? Waliuliza: mapato ya halmashauri yetu yatakuwa shilingi ngapi? Waliuliza: mikataba inasemaje? Hayo ni maswali ambayo mhandisi na mchumi wanaweza kubishana usiku kucha. Inawezekana jibu la kwanza ni kwamba bomba ni bora kuliko nyaya, sawa. Ila jibu hilo lilitakiwa kutolewa mezani kabla ya mkopo kusainiwa, wakati bado linaweza kubadilika. Likitolewa baada ya hapo linakuwa tangazo.

Na hoja ya "rasilimali ni ya taifa zima" mimi naikubali asilimia mia. Almasi ya Shinyanga si ya Wasukuma peke yao, dhahabu ya Geita vivyo hivyo. Ila kumiliki na kuulizwa ni vitu viwili. Katiba yetu, ibara ya 8, inasema wananchi ndio msingi wa mamlaka yote na inawapa nafasi ya kushiriki katika shughuli za serikali yao. Haisemi kwamba mwenye hati ndo anaulizwa na asiye na hati anyamaze. Chukua mfano wa nyumba ya familia. Nyumba ni ya ukoo wote, sawa, lakini ukitaka kuchimba kisima kwenye chumba anacholala shangazi, utaanza kwa kupiga hodi kwa shangazi. Hodi haimfanyi awe mmiliki pekee. Inamfanya awe mtu.

Watu wa kusini walipopaza sauti "gesi haitoki", sisi wa mikoa mingine wengi tulisikia ubinafsi. Wazee waliokuwa na kumbukumbu ya reli walimaanisha kitu kingine: safari hii msichukue tena bila kutuambia mnaacha nini.

Mtu atasema hayo ya 2013, siku hizi kuna sheria. Kweli zipo, na nyingine zilikuwepo hata wakati ule. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni zake za 2005 zinataka wananchi washirikishwe kwenye tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Petroli ya 2015 ikaja na wajibu wa makampuni kwa jamii zinazozunguka miradi. Mwaka 2017 sheria mpya ikatamka kwamba utajiri wa asili ni mali ya wananchi, Rais akiwa mdhamini wao, na Sheria ya Madini ikarekebishwa ili mpango wa kampuni kusaidia jamii ukubaliwe na halmashauri husika. Hayo ni mafanikio, na mimi naamini kelele za Mtwara zilisaidia kuyasukuma.

Ila angalieni mpangilio wa hatua. Kwanza serikali inagawa vitalu. Pili inasaini mkataba na kampuni. Tatu kampuni inatafiti na kuchimba. Nne, mradi ukishakuwa na ramani na mkopo, ndipo wataalamu wa tathmini ya mazingira wanafika kijijini na daftari la mahudhurio. Mwanakijiji anakutana na mradi kwenye hatua ya nne. Pale anaulizwa fidia ya mikorosho, anaulizwa njia ya magari ipite wapi, anaulizwa shule ikarabatiwe au zahanati. Swali la kama mradi uwepo, na uweje, lilishajibiwa hatua mbili tatu nyuma na watu wasiomjua.

Hata kwenye ardhi ni vile vile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema serikali ikitaka kuhamisha ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji unakubali au unakataa. Ikizidi hekta 250, mkutano unatoa mapendekezo, uamuzi ni wa Waziri. Mnaona hesabu hiyo? Ardhi kidogo, kijiji kina kura. Ardhi kubwa, kijiji kina maoni. Na miradi ya madini na gesi ikija, mara nyingi ndo hiyo inayohitaji eneo kubwa. Pale Lindi, eneo lililotengwa kwa ajili ya kiwanda cha kusindika gesi, upande wa Likong'o, ni zaidi ya hekta 2,000. Wenye mashamba walikaa miaka wakisubiri fidia, ikaja kulipwa mwaka 2020. Miaka hiyo yote unapanda mnazi au hupandi? Unajenga choo au unaacha? Ukishapimiwa, hata kukarabati unaogopa.

Kila aliyewahi kushika chaki anakijua kitu kimoja. Ukimaliza kufundisha ukauliza "mmeelewa?", darasa zima linaitikia "ndiyooo!" Ukitoa jaribio kesho yake ndo unajua. Lile "ndiyo" ni adabu, wala si ushahidi wa kuelewa. Mikutano mingi ya miradi inaendeshwa kwa mtindo huo huo. Mgeni kutoka wilayani anasimama, anaeleza kwa saa nzima kwa maneno ya kitaalamu, anauliza "kuna swali?", wazee wanatazamana, mtu mmoja anashukuru kwa niaba ya wenzake, picha inapigwa. Kwenye ripoti inaandikwa: wananchi walishirikishwa na wakaupokea mradi kwa furaha.

Kwenye somo la mbinu za kufundishia tunaambiwa kila siku kwamba mwanafunzi si debe tupu la kujazwa. Anakuja darasani na maarifa yake, na mwalimu asipoanzia kwenye hayo maarifa anapoteza muda. Ajabu ni kwamba tunakubali hilo kwa mtoto wa darasa la tatu, halafu tunalisahau kwa mzee wa Msimbati aliyeona karanga, reli, vita, korosho na gesi. Yule mzee alikuwa na elimu ambayo timu ya Wakefield ilikuja bila nayo mwaka 1946, na ikawagharimu mamilioni ya pauni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Huwa tunamwambia mwanafunzi. Mara hii aambiwe mkubwa.

Basi kwa wenzangu tunaosubiri ajira, wengi wetu tutapangiwa vijijini, na kijijini mwalimu ndo mtu anayeombwa kusoma barua ya kampuni na kuandika muhtasari wa mkutano. Siku mradi ukija, wa mchanga, wa dhahabu, wa gesi, wa kokoto, mwalimu anaweza kusaidia watu waulize mambo matatu tu. Moja, kuna kitu kimeshasainiwa tayari, na ni kipi? Mbili, njia nyingine zilizofikiriwa ni zipi na kwa nini ziliachwa? Tatu, tukisema hapana leo, nini kitabadilika? Kama jibu la tatu ni "hakuna", basi watu wajue wameitwa kusikiliza, na muhtasari uandikwe hivyo hivyo: wananchi waliarifiwa. Kalamu ya muhtasari isidanganye. Historia itakuja kuisoma.

Jamaa yangu wa semina nimemwambia haya yote tukiwa tunakula chips, akanijibu kwamba ukianza kuuliza kila kijiji nchi haitajenga hata kalavati. Nikamwambia mwaka 2013 haikuuliza, ikapeleka jeshi. Akanyamaza kidogo, akasema tutaendelea kesho. Nyie mnaonaje? Hasa ndugu zangu wa Newala, Tandahimba, Masasi na Mtwara mjini, nyie mlikuwa watoto wakati ule na mlisikia wazee wakizungumza ndani. Tupeni mlichosikia, na kama kuna pahala nimepindisha, ninyoosheni.

Nawakilisha. Naenda kujisomea, UE haina huruma.